Betri ya Pikapu na Jina la Khamisi

Kijiji cha Haneti,
Kwa mkono wa Shule ya Msingi,
Dodoma.
11 Oktoba 1994

Mpendwa mwanangu Gerson,

Mbukwa, mwanangu. Mimi baba yako mkubwa nina miaka sabini na mitano kwa hesabu ya mama yangu, aliyenizaa njaa ya Mtunya ikiwa inakwisha. Waingereza walikuja wakaondoka, mimi nipo. Mradi wa karanga wa Kongwa ulikufa, mimi nikabaki. Ukame wa mwaka sabini na nne ulimaliza zizi zima, mimi nikabaki. Tulihamishwa tukajenge kando ya barabara, nikajenga, na nyumba ile nayo imeshaanguka. Ndugu zangu wote nimewazika, wa mwisho akiwa marehemu baba yako. Kwa hiyo anayekuandikia si mtu wa kuyumbishwa na upepo.

Hali yako hapo Mtwara ikoje? Kile kikohozi kimekuachia? Mke wako na watoto je, wameizoea hewa ya pwani? Shikamoo yako niliipata, marahaba sana, ingawa uliiandika kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Sisi huku wazima. Mimi meno yamepungua tu, macho yanaona. Barua hii sikumpa mtu aniandikie. Naiandika kwa mkono wangu, uliofundishwa elimu ya watu wazima, na darasani nilikuwa wa kwanza, wengine walipigiwa makofi na wenzao, mimi nilipigiwa na mwalimu mwenyewe. Ukiona mistari imelala, meza ndiyo mbovu.

Mdogo wako Penina ametoka hospitali. Anatembea akishika ukuta, lakini anatembea. Mtoto ananyonya sana na kulia kama mwanambuzi. Wamempa jina Dorkasi. Mvua bado, mawingu yanapita tu juu yakielekea kwa wengine.

Sasa nakuja kwenye ile pikapu yako. Kaa chini kwanza.

Ulipoiacha baada ya Pasaka ulinielekeza mbele ya mwalimu Ludovick, dereva uliyemchagua wewe. Ulisema gari liwashwe mara kwa mara hata kama hakuna safari. Ulisema maji ya betri yaangaliwe. Ulisema betri isitumike kwa kitu kingine, na ikionekana imechoka ipelekwe siku hiyo hiyo kwa Khamisi, mwenye mashine ya kusaga, aichaji. Mimi nikakujibu kwamba betri nimezijua wewe hujazaliwa, kwa sababu Kongwa nilikuwa kwenye matrekta. Ni kweli nilikuwa kwenye matrekta. Lakini kazi yangu, mwanangu, ilikuwa kuondoa visiki mbele yake. Betri nilikuwa naiona kwa mbali.

Ulipoondoka, niliifungua nikaipeleka nyumbani, nikaiunga na redio yangu. Wazee wakawa wanakuja kusikiliza habari kwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika kitufe. Nilipenda sana. Ludovick akitaka kuliwasha gari namwambia gari halina ugonjwa, liache lipumzike. Siku nikijisikia namrudishia betri, liungurume kidogo, halafu naichukua tena.

Redio ikififia, betri sikuipeleka kuchajiwa. Hapo sasa ndipo akili yangu iliponidanganya. Unajua tunavyofanya na ng'ombe kiangazi: leo wanakunywa, kesho wanakaa na kiu, ili wazoee na wasitetereke lambo likikauka. Ng'ombe aliyenyweshwa kila siku ndiye wa kwanza kuanguka. Basi nikasema na betri hii nitaifundisha hivyo hivyo. Nikaisikiliza mpaka redio ikakata kabisa, nikaiacha pembeni tupu, wiki na zaidi, ikomae.

Nilipoipeleka kwa Khamisi juu ya punda, alifungua vifuniko akachungulia, akatikisa kichwa.

"Babu, shikamoo. Hii umeiacha na njaa muda gani?"

"Naifundisha."

"Betri haifundishiki, babu. Ikishuka kidogo tu ilete, tuishibishe polepole. Ukiiacha tupu inakufa ndani, nje unaiona nzima."

Mimi nikamjibu mbele ya watu, "Wewe babu zako walipita hapa na misafara wanauza shanga. Leo unanifundisha njaa mimi Mgogo?" Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, ndivyo alivyo. Akaniambia niiache ilale kwenye chaja mpaka kesho yake. Nikakataa, jioni kulikuwa na taarifa ya habari. Nikaichukua haijashiba. Tena si mara moja. Ilikuwa hivyo kiangazi chote. Na maji yalipopungua ndani nilijaza ya kisima chetu, ambayo unajua yanaacha chumvi hata kwenye sufuria.

Ndipo ikaja ile asubuhi. Tulikuwa tunakamua, Penina akashikwa na uchungu, na mkunga akasema hapa hapawezekani, mtoto amekaa vibaya, apelekwe Dodoma haraka. Tulimlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro. Betri nilikuwa nimeirudisha juzi yake, imetoka kwa Khamisi. Ludovick akazungusha ufunguo. Ikatoa mlio mmoja, tik, ikanyamaza. Akazungusha tena, hata ule mlio haukuja. Wanaume wakasukuma, na ule mchanga unaujua, magurudumu yakazama. Penina alikuwa analia akiita jina la mama yake. Mimi nimesimama na fimbo yangu natoa amri ambazo hakuna aliyezisikia.

Aliyetuokoa ni Khamisi. Alikuja mbio, betri ya mteja wake mwingine iko begani, asidi inamchuruzika kwenye shati. Akaifunga, gari likawaka. Shati lile lilitoboka matundu mgongoni. Yeye alisema tu, "Nendeni."

Daktari alituambia kwamba mtoto amepona, na mama pia, lakini damu imetoka nyingi kwa sababu ya kuchelewa. Ndugu wakakaa nje wakaulizana, betri imekuwaje? Wakanitazama mimi. Nami nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Khamisi ndiye aliyeichaji juzi."

Gerson, sikusema uongo. Aliichaji juzi. Lakini nilijua wataelewa nini, na wakaelewa hivyo hivyo. Ndivyo na wewe ulivyoandikiwa. Ndiyo maana ukatuma ile barua ya moto, kwamba Khamisi ameunguza betri yako na nusura amuue dada yako, aitwe kwenye baraza la kata, akatazwe kuchaji betri ya mtu yeyote. Ukaniagiza nimpelekee mtendaji. Nikampelekea kwa miguu yangu mwenyewe, nimevaa koti. Baraza limepangwa mwisho wa mwezi huu.

Tangu hapo watu wanabeba betri zao hadi Itiso. Mashine yake inasaga nafaka tu. Wakipita wanawaambia watoto wasiguse kitu chake, ataunguza. Penina mwenyewe alikataa salamu ya mkewe. Nami chakula hakipiti. Redio nimeifunika kitambaa, sitaki hata kuiona.

Jana nikaamka nikasema leo nalimaliza jambo hili. Nikaenda mashineni, wanawake wamepanga ndoo za mtama hadi nje. Mishi, yule binti wa muuza chumvi, aliponiona tu akaanza:

"Babu Matonya, foleni inaanzia huku nyuma! Au bibi amekufukuza jikoni?"

"Sikuja kusaga."

"Basi umekuja kuchumbia. Tupo wengi, chagua!"

Wakacheka, nami nikapiga fimbo chini. Nikasema kwa sauti, "Nyamazeni. Nimekuja kusema jambo la betri ya Gerson. Huyu Khamisi..."

Khamisi akanitazama. Nadhani alishajua siku nyingi, anasubiri tu. Akasema, "Shikamoo babu, jua kali, ingia kivulini." Halafu akainama, akashika hendeli, akaizungusha. Ile mashine unaijua. Ikilia hata radi huisikii. Nikapaza sauti nikasema yote, ya redio, ya njaa, ya maji ya kisima, na yale niliyotamka hospitali. Mishi ameweka kiganja sikioni, "Eti? Eti babu?" Unga unaniingia kinywani. Nilipokwisha, Khamisi akaja akaweka mdomo sikioni kwangu: "Nenda nyumbani, babu. Betri hufa."

Mimi nimetukanwa na wazungu nikasimama. Jana niliondoka pale nikishindwa kuinua kichwa kwa sababu ya heshima niliyopewa.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu, na kuomba sijazoea. Mwandikie mtendaji uifute ile barua. Mwandikie na Khamisi pia, umwambie asante ya dada yako. Na barua zako zikichelewa, mimi nitasimama barazani mwenyewe nikatamke tena, na ofisi ya kata haina hendeli ya mtu kuzungusha. Penina nitamwambia leo jioni, namwogopa yeye kuliko baraza.

Pikapu ipo, nimeifunika turubai. Betri mpya utakayonunua usiniachie mimi. Mwachie Khamisi. Iwe inachajiwa kabla haijaishiwa, gari liwashwe hata kama halisafiri, maji yawe yale ya kwenye chupa, nayo ikae kwenye gari na si kwenye nyumba ya mzee mwenye redio.

Mama yako mkubwa Lydia anakusalimu sana, na Penina na kichanga chake, na mwalimu Ludovick ambaye ndiye anayepanda basi kesho kuipeleka barua hii posta ya mjini. Nisalimie mkwe wangu na wajukuu wote, uwashike vichwa kwa niaba yangu. Mungu awafunike hapo mlipo, awape usingizi mzuri, na mimi anirudishie wa kwangu.

Wako akupendaye, ingawa safari hii amekuaibisha,

Baba yako mkubwa,
Yotham Matonya

Kama huniamini, mashahidi wapo. Ludovick anajua ni mara ngapi nilimkatalia kuliwasha gari. Mishi na wanawake wa foleni nzima watakuambia walimwona mzee anafungua na kufumba mdomo, ila walichosikia ni mashine tu. Khamisi ndiye aliyeelewa tangu mwanzo. Lakini huyo usimuulize, maana hata leo atakuambia kosa ni lake.