Aliyesomewa Yasini Akisikia

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, na chumba changu hapa Ikwiriri kinanuka nguo mbichi. Nimerudi kazini, nimekula wali wa jana, nimeangalia simu. Ujumbe mmoja, wa kampuni ya simu.

Leo Mzee Saidi ametoka kwetu.

Kwetu ni chumba cha wagonjwa mahututi: vitanda viwili, mashine moja ya kupumulia. Aliletwa Alhamisi iliyopita kutoka Mbuchi. Alikuwa akishuka kwenye dungu, kile kibanda cha juu anamolindia mpunga wake usiliwe na nguruwe, akakanyaga nyoka mweusi. Njia nzima, kwenye boti na kwenye gari, nesi wa zahanati alimpulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Walipofika, yule dada hakuweza hata kushika kalamu atie sahihi. Tukampitisha mpira kooni, tukamuunga kwenye mashine, daktari akampa dawa ya sumu iliyokuwepo.

Zamani mgonjwa wa mashine tulimlaza usingizi mzito mpaka siku ya kutoka. Siku hizi tumefundishwa vingine: dawa ya usingizi iwe kidogo, aamshwe mapema, azungumzishwe, ndugu waruhusiwe kukaa naye. Basi Ijumaa daktari akaagiza tusimamishe dawa ya usingizi. Jumamosi asubuhi bado hajatikisika. Nikamfunua kope, nikammulika tochi. Mboni zilikuwa pana, na mwanga haukuzifanya kitu. Nikamwita, nikamfinya. Kimya.

Hapo ndipo nilipokosea, acha niandike.

Sumu ya nyoka wa namna ile hulegeza kila msuli, hata wa kope na wa mboni, na akili ikabaki nzima. Nilifundishwa hilo, tena nililijibu kwenye mtihani nikapata. Lakini Jumamosi nilikuwa peke yangu, daktari yuko chumba cha upasuaji, na mkewe, Bi Mwanahawa, ananitazama usoni. Nikamwambia, "Mama, waiteni wanaosoma." Pwani hii huhitaji kuongeza neno: anayeitiwa wasomaji ni anayekata roho.

Wakaja ndugu watatu wa mzee, wakamsomea Yasini, polepole, kwa sauti za kutuliza. Kisha wakamwomba radhi, mmoja mmoja. Bi Mwanahawa alikuwa wa mwisho. Akamwinamia sikioni, "Nimekuwia radhi kwa yote, baba Asha. Hata yule wa Kibiti. Nilikuwa nnajua." Nikageukia mashine kana kwamba ina tatizo.

Wakaondoka kutafuta sanda na boti ya kumrudisha kwao. Nikabaki naye. Nikamfuta uso, nikampaka mafuta midomoni, nikasema naye kama ninavyosema na wagonjwa wote, maana nyumbani sina wa kusema naye. Nikamwambia, "Bora wewe umesomewa. Mimi mama kafa, mume kaniacha, mtoto sina. Nikilala hapo mimi, atanisomea nani?" Nilisema kwa mzaha.

Haukuwa mzaha.

Jumapili nilikuwa namgeuza ubavu asipate vidonda, nikamwambia kwa mazoea tu, "Mzee, nisaidie kidogo." Kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Nikadhani ni macho yangu. "Kama unanisikia, kicheze mara mbili." Kikacheza mara mbili.

Nilikimbia kumwita daktari huku nacheka. Furaha ilipopoa ikaja hofu: kama anasikia leo, basi na jana alisikia. Alilala pale, watu wanamsindikiza, hana hata kope ya kukatalia. Na niliyewaita ni mimi.

Sanda ikarudishwa dukani. Bi Mwanahawa alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, kisha akanisogelea. "Sista, kwani alikuwa anasikia yote?" Nikamwambia inawezekana. Akajifunika kanga usoni.

Jumanne mpira ulitoka kooni. Tangu hapo nimekuwa nikimkwepa. Nilimhudumia, dawa zote kwa saa zake, ila nilikuwa natazama chati kuliko ninavyomtazama yeye. Aibu inamfanya mtu mchapakazi.

Leo tulipokuwa tunamhamishia wodi ya kawaida, akanishika mkono. Nikaona hapa hakuna tena pa kujificha, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Nikasema mimi ndiye niliyewaambia waje wasome, na sikutakiwa.

"Yasini haiui mtu, mwanangu," akasema. Sauti yake bado imekwaruzwa na mpira. "Ile ilinipa pa kushika. Nilikuja kuogopa walipoondoka. Nikasema basi, nimebaki peke yangu. Mara wewe ukaanza kusema."

Mkono wangu hakuuachia.

"Unaitwa nani?"

"Mimi Sista..."

"Sista wako wengi. Jina lako. Na la mama yako. Ukitangulia, n'takuja kukusomea, na kwenye talkini, pale kaburini, huitwi kwa jina la kazi."

"Apone kwanza," akadakia Bi Mwanahawa, anakunja shuka bila kumtazama. "Mimi na yeye tuna mazungumzo."

Nikamtajia. Langu kwanza, kisha la mama. Tangu nilipomzika sijaulizwa jina lake na mtu yeyote. Mzee Saidi akalirudia mara mbili, taratibu, kama mtu anayeliweka mahali asilisahau.

Nimerudi hapa, chumba ni kilekile, nguo hazijakauka. Sitajidanganya kwamba upweke umeondoka. Ila leo kuna nyumba moja Mbuchi wanakojua naitwa nani.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Kitanda kile nimekitandika, na hakikai kitupu. Atakayelala hapo, awe amefumba macho au amefumbua, kabla sijamgusa nitamwambia jina langu.