Mulozi wa Marabo ku bariere

Mardi, 13 Mai 2003

Kama siku moja wataandika historia ya sinema ya Kongo na hawaweke jina yangu ku ukurasa ya kwanza, ile kitabu ni ya kuwashia moto tu. Miye Léon! Kila mutu mubaya mwenye alionekana juu ya shuka nyeupe ya parokia, mu Ituri yote — mulozi, mulevi, mwizi, Yuda — ni miye. Père Vital, padri wetu, alikuwa anasimamisha kamera yake kule Marabo, anaangalia watu mia, anasema: Léon, kuja. Augustin njo alicheza watakatifu. Sura ya maziwa. Leo iko Kampala, anakula kuku. Mulozi iko Bigo, anakula muhogo ya jana chini ya kitanda, sababu risasi zinapita.

Siye watatu mu nyumba: miye, dada yangu mudogo Adèle, na binti yake Glodie, mimba ya mwisho-mwisho. Wadokta wote wamekimbilia ku kambi ya MONUC, askari wa Umoja wa Mataifa, kule ku aeroport. Katikati, bariere ya vijana wa bunduki, wamefunga njia. Pale wanaomba karte ya kitambulisho. Ya Glodie iko na jina ya baba yake, na baba yake ni wa kabila ile wanatafuta. Jina moja tu. Inatosha.

Mercredi, 14 Mai

Hakuna maji. Adèle anasema nitoke nitafute njia, mwanaume mu nyumba ni miye. Nilimwambia vile wachimba zahabu wa Mongbwalu, Wakristo kwa Waislamu, walikimbia wote wakati mulozi alitokea mu filme — moja akaangukia mu shimo, akatoka na kilo ya zahabu. Adèle akajibu kaka yake: yaya, hiyo ulishaiongea ku kilio ya mama, na ilikuwa nusu kilo.

Dada hapana heshimu artiste.

Jeudi, 15 Mai

Nilienda ku bariere. Peke yangu! Vijana walitaka kunilalisha chini. Afande wao, munene, amevaa raba za mutu mwingine, akanitazama mingi. Akaweka bunduki pembeni. Akaita wenzake: mulozi wa Marabo huyu hapa! Kumbe mama yake alikuwa anamutisha na miye ili alale, na alikuwa anakojoa mu kitanda. Akanipa sigara. Nani mu Kinshasa alishapewa heshima kama ile?

Nikaona njia. Nikasema niko na dada na binti, tunataka kupita. Akauliza binti ni wa nani. Wangu, nikasema. Akacheka kidogo.

— Kesho siko. Kuja nao samedi, muzee. Utanisemea ile laana, vile ulisema mu filme, na ile sauti. Ukisema muzuri, nafungua miye mwenyewe. Hakuna mutu ataomba karte.

— Na nisiposema muzuri?

— Weye tena? Si ni yako? Mwenye atashindwa kuisema, si mulozi. Ni mutu tu anataka kupitisha watu.

Alitaka nijaribu pale pale. Nikasema koo inauma, ni moshi.

Ku nyumba niliwaambia vile waliniamkia garde-à-vous, kama jenerali. Glodie alilia, akanishika mukono. Tonton, akasema, kumbe weye ni mutu mukubwa kweli. Nilikunywa hiyo neno kama chai ya sukari.

Vendredi, 16 Mai

Nilipita nyuma ya nyumba za watu mupaka Mbunya, kwa Anselme, katekista wa zamani wa Père Vital. Kumusalimia tu. Mulango imevunjwa. Mama jirani akasema Anselme alienda na miguu njia ya Beni. Nikauliza kama aliacha neno. Akanitazama. Neno gani, akasema, huyu aliacha hata viatu.

Nilikaa pale ku mulango wazi. Mutu mwingine wa kuuliza hakuna. Père alishafia Ulaya.

Adèle anataka nijaribu laana, asikie. Nilimukaripia. Artiste hajaribu mbele ya sufuria! Glodie anasema mugongo inamuuma.

Samedi, 17 Mai

Maji ya Glodie ilitoka asubuhi. Tulimubeba, Adèle upande moja, miye upande ingine, mupaka hapa.

Hapa — ku bariere. Wamenikalisha juu ya kasiye ya chupa za bia. Afande alirudi kweli, lakini anamaliza kwanza bugali yake. Ameita vijana hata wa ile poste ingine, wamekaa chini mistari-mistari kama ku sinema. Moja ameleta radio na kasete tupu. Wanataka kuishika sauti yangu.

Glodie iko chini ya kivuli ya ukuta, anauma kitenge. Alituambia mu njia: anaogopa uchungu ikizidi atalia na luga ya baba yake. Adèle ananinongoneza: yaya, anza. Naandika ili wafikiri natayarisha.

Basi. Kamera ya Père haikuwa inashika sauti. Anselme njo alikuwa anasimama na mikro pembeni ya shuka, anatusemea siye wote, mulozi na watakatifu, parokia kwa parokia. Siku ya kupiga filme Père alinipa kipande cha muwa: tafuna, Léon, mudomo itembee. Nikatafuna.

Afande ananawa mikono. Anawaambia wanyamaze.

Na ile laana — nimekaa ku benchi ya mbele kila mara Anselme anaisema, na sikushika hata neno yake moja. Nilikuwa najiangalia.