Jiwe la Taji na Ufunguo

Wiedendamm, upande wa Mfalme wa Hanova,
10 Novemba 1854

Kwa Dierk Wischhusen, maghala ya tumbaku, Bremen

Mdogo wangu Dierk,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea usiitie barua hii motoni kabla hujaimaliza, maana imenichukua siku tatu. Natumai u mzima na mgongo wako ungali unabeba. Mimi ni mzima. Meno ninayo yote isipokuwa manne, na hapa kijijini hakuna mtu wa miaka sabini anayenishinda kuchimba mtaro. Mwalimu alitaka aniandikie. Nikamwambia akafundishe watoto wake, herufi nazijua, tunagombana mwendo tu.

Miaka thelathini na moja hatujaandikiana, najua. Tutafika huko.

Nyumbani ananiangalia Gesche, mke wa mwanangu. Ulimi wake unakata kuliko panga, lakini kabichi na soseji anajua kuzipika. Kaburi la baba nalipalilia mwenyewe.

Habari kubwa ni hii. Mfalme wetu na mji wenu wamechoka kuandikiana juu ya yale malisho ya kwenye mlango wa maji. Ramani ya mfalme inasema ni ya mfalme, ramani ya mji inasema ni ya mji, na sasa mji unataka kupanua mfereji, kwa hiyo lazima ijulikane ukingo ni wa nani. Wamekubaliana hivi: Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi, mkuu wa wilaya wa mfalme na mabwana wawili wa Bremen watakutana kwenye jiwe la tatu la mpaka, lile lenye taji upande wetu na ufunguo upande wenu. Mtu mzee kuliko wote aliyetembezwa mpakani utotoni ataweka mkono juu ya jiwe na kuapa kama liko mahali pake. Atakalosema, pande zote mbili zitatia sahihi.

Mtu huyo ni mimi. Wengine wote wamekufa. Mkuu wa wilaya alikuja mwenyewe hapa kwangu akavua kofia, akasema ufalme mzima unanitegemea. Nikamwambia hakukosea njia. Unakumbuka tulivyotembezwa, kila jiwe tukizabwa kofi ili tusisahau lilipo? Kofi la jiwe la tatu nalisikia mpaka leo kwenye shavu la kushoto.

Sasa nikueleze jambo jingine, na usicheke.

Pale ambapo watu wa mji hudai jiwe lilisimama zamani, hatua arobaini ndani ya malisho, pana dimbwi la pembe nne. Kiangazi kilichopita mitaro yote ilikauka, lile halikukauka. Ng'ombe wangu hawanywi hapo. Wakifika huzunguka, kama wanaompisha mtu.

Tangu Septemba kuna nyayo. Ni za viatu vya mti, zimezama mpaka kifundoni, nyayo za mtu mwenye mzigo. Zinatoka dimbwini mpaka mlangoni kwetu. Za kurudi hakuna. Nilizifukia, asubuhi ya pili zikawepo tena, na kina kimeongezeka. Gesche akaniuliza, Baba, huyu mgeni wako mzito hivi mbona haingii kula? Nikamwambia anyamaze. Akasema atanyamaza nikimweleza kwa nini viatu vyangu mimi vimelowa kila siku, au naenda kuogelea na bata?

Jumapili, baada ya kanisa, mchana kweupe, ukungu ukatelemka nikiwa malishoni peke yangu. Ukungu wa kwetu unaujua, ukinyoosha mkono huoni vidole. Nikasikia mtu akihema, kisha sauti ikauliza, "Niliweke wapi?"

Unakumbuka nyanya alivyotusimulia karibu na moto. Aliyehamisha jiwe la mpaka, akifa hatulii. Hulibeba likiwaka moto, akizunguka ukunguni akiuliza hivyo hivyo, mpaka atokee mtu wa kumjibu, "Liweke ulikolitoa." Wewe ulikuwa unajificha chini ya aproni yake. Mimi sikuogopa.

Basi nikasema nimjibu maskini huyo aende zake. Nikataka kufungua kinywa. Dierk, kinywa kilikuwa wazi tayari. Sauti ilikuwa inatoka kwangu.

Nilipofika nyumbani Gesche alinivua koti bila utani hata kidogo. Shati limeungua begani. Chini yake ngozi imechubuka kwa mstari ulionyooka, kama ukingo wa jiwe la kuchonga. Akaniuliza kwa sauti ndogo, Baba, umebeba nini? Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Ni mimi. Mwaka ule uliponishinda mbele ya watu kwenye mashindano ya kunyanyua mawe, wiki mbili baadaye, ndani ya ukungu, nililing'oa jiwe la tatu nikalisogeza upande wa mji, ili malisho yawe ya mfalme na mimi niyakodi. Mji ulipolalamika, watu wakasema mtu pekee mwenye nguvu za kuling'oa ni Dierk. Uliapa hukufanya. Baba akakufungia mlango, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikanyamaza.

Na nikuambie kilichoniuma zaidi, ingawa ni aibu. Miaka yote hii nimewasikia wakikulaani kilabuni, kisha wanatikisa kichwa na kusema, lakini lile jiwe, mtu mmoja! Kukusifu wewe kwa nguvu zangu! Nililibeba hatua arobaini bila kulitua.

Wengine hungoja kufa ndipo walibebe. Mimi nimeshaanza, ningali nakula na kupumua. Nikiapa uongo Alhamisi, sitalitua tena.

Kwa hiyo njoo. Kutoka kwenu mpaka kwetu ni mwendo wa saa mbili tu kwa miguu. Mkuu wa wilaya atanifunga, na malisho yatakwenda, na Gesche atauza ng'ombe, nimeshamwambia. Nitauliza mbele ya mfalme na mji, kwa sauti, niliweke wapi. Lakini jibu la mtu mwingine asiye wewe halitanifaa, wala siwezi kulinyanyua tena peke yangu. Hili sijawahi kumwambia binadamu yeyote.

Wewe shika upande wa ufunguo, mimi nitashika wa taji.

Gesche anakusalimu, ameweka sahani yako mezani. Wasalimie wanao, kama unao, sikuwahi kuuliza.

Ni mimi kaka yako,
Lür Wischhusen