Nilivyomzamisha Baba Yake Koko

Jumapili. Mvua inapiga bati tangu alfajiri, nami nimejifunika blanketi na simu ya Mama.

Kwa wiki mbili sikumwambia mtu yeyote jambo hili: nilimzamisha baharini baba yake Koko, bibi yangu wa Kibombo. Mzee mwenyewe alifia kitandani kwake kabla sijazaliwa, akiwa ameshiba wali.

Sikukusudia.

Prof wetu wa historia alipata filamu kuhusu wafungwa wa vita kuu ya pili. Walifungiwa chini kabisa ndani ya meli, na meli ikapigwa kombora na watu wa upande wao wenyewe, ambao hawakujua nani yumo. Nyumbani kwao wengi hawakupata hata barua. Prof akaamua tuionyeshe katika ukumbi wa shule, kisha tusome majina yao, ingawa walikuwa watu wa mbali na darasani kwetu hakuna aliyewahi kuiona bahari.

Akauliza nani ana ndugu aliyepotea namna hiyo. Huyo ndiye angesoma.

Mimi ni yule mwanafunzi ambaye akijibu, mwalimu huuliza "Nani ameongea?" halafu humtazama mwingine. Nimemaliza vitabu vyote vya kabati la shule, hata kile cha kufuga nyuki. Nilitaka kusikilizwa, mara moja tu. Na baba yake Koko alikwenda kweli katika vita hiyo, huko Abisinia, kubeba mizigo ya jeshi. Nikanyoosha mkono, nikaeleza. Ile sehemu ya kurudi salama sikuieleza. Mahali pake niliweka meli.

Prof alitokwa na machozi. Akaandika jina la mzee mwisho wa orodha.

Alhamisi iliyopita majirani wakaja na mikeka. Prof alikuwa amemsimulia mwenzake anayesali msikiti wetu hapa mtaani Kasuku, na watu wa kwetu hawawezi kusikia una marehemu asiyefanyiwa kilio wakabaki majumbani. Baba yuko Pangi machimboni, ambako simu haishiki. Mama, aliyeolewa tu katika ukoo huu, aliona aibu kusema hajui wafu wa wakwe zake. Akachemsha chai. Akapokea pole. Kufikia saa kumi alikuwa analia vizuri kuliko wote.

Kisha akampigia Koko simu ili naye ampe pole.

"Baba amekufa tena?" Sauti ya Koko ilifika mpaka kwenye mikeka.

Ijumaa akashuka kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Jirani yetu Mama Safi akamkumbatia.

"Pole, mama. Ile bahari ni mubaya."

"Bahari gani? Baba yangu alikuwa anaogopa hata Lualaba! Alikuwa anaoga na kikombe!"

"Mumuache," Mama Safi akawanong'oneza wengine. "Ni uchungu."

Koko akatazama mikeka yote, kisha akanitazama mimi. "Zaina. Kuja jikoni."

Nilimwambia kila kitu huku nikisubiri kofi.

"Hao watu ba kwenye meli," akasema, "walikuwa wengi?"

"Wengi, Koko."

"Na kilio yao?"

"Sijui kama walifanyiwa."

"Unaona? Baba yangu alipata kilio, tulichinja mbuzi mbili. Hao hawana hata mukeka moja, na wewe unamusukuma katikati yao aje kula tena! Kesho pale shuleni utasema wewe mwenyewe ukweli. Mimi mwenyewe njo nitakaa mbele."

Jana mchana ukumbi ulijaa. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Koko, aliyedai amekuja kunichunga tu, alikuwa anajifuta macho na pembe ya kikwembe alichojifunga.

Prof akaniita: "Kitukuu cha shujaa wetu!" Wakapiga makofi. Nikaenda mbele.

Nikasema jina la mwisho si la mfungwa. Nikasema mzee alirudi, akaoa, akamzaa huyu mama aliyeketi mbele, na kwamba mimi nilidanganya. Kicheko kilianzia nyuma kikafika mbele. Mama akafunika uso. Nadhani alikumbuka sukari yote iliyokwenda.

Prof hakucheka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, kisha akanipa kalamu na ile orodha. Nikalikata jina la mzee na kumrudishia karatasi. Hakuipokea.

"Soma," akasema. "Hao wengine ni wa kweli."

Nikasoma jina la kwanza.

"Sauti!" Koko akapiga kelele. "Hao watu wako chini ya maji, watakusikia namna gani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikarudia jina la kwanza kwa nguvu zangu zote, nikasoma la pili, la tatu, nikaendelea mpaka nikamaliza ukurasa, nikageuza.