Mwalimu Amesafiri

Chamazi, 4 Machi 2024

Wifi Lusungu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama huko Njombe na baridi haijawamaliza. Watoto hawajambo. Hali ya kaka yako ndiyo imenifanya nimpe kondakta wa basi barua hii, maana nyumba yetu ni ndogo, na kwenye simu angesikia kila neno.

Wiki ya tatu sasa Adelard haendi shuleni kufundisha. Halali, haogi, anakaa ameukabili ukuta. Nikimwambia twende hospitali, kwenye kliniki ya afya ya akili, ananijibu nisijisumbue. Naogopa, wifi. Jumamosi ya wiki ijayo ni zamu ya jumuiya kusali kwetu. Nataka niwaeleze wanisaidie.

Wifi yako,
Benedicta

Njombe, 9 Machi 2024

Wifi yangu,

Marahaba. Sie wazima, na baridi tumeizoea, msituonee huruma.

Usithubutu kuwaeleza. Mjomba wetu aliitwa mwehu siku moja tu, jina likamfuata mpaka kaburini, na binti zake hawakuposwa. Adelard ni mwalimu. Nani atamwachia mwanawe tena? Mwache ndani apumzike, wewe sema amekuja kunitazama, naumwa mgongo. Wala si uongo sana, mgongo wenyewe unauma kweli. Nimemwombea misa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, majirani wabaki nje.

Wifi yako,
Lusungu

Chamazi, 20 Aprili 2024

Wifi,

Shikamoo, na pole na mgongo. Nilifanya ulivyosema, na uongo umeshika kuliko nilivyotaka. Jumuiya waliiruka nyumba yetu. Mama Najat, tunayepakana naye ukuta, ameacha kugonga. Jana alimwulizia Adelard pale dirishani, nikamwambia mwalimu bado yuko Njombe. Kaka yako alikuwa nyuma ya pazia. Nilipogeuka akasema taratibu, "Unawajibu vizuri, Benedicta. Hata mie nimeanza kuamini sipo."

Nimechoka kumfungia ndani, wifi, na namwona anazidi kuzama. Nipe ruhusa nifungue mlango. Nasubiri neno lako.

Wifi yako,
Benedicta

Chamazi, 17 Mei 2024

Wifi Lusungu,

Shikamoo. Jibu lako halikufika, na mie sikuthubutu kwenda kinyume chako. Hilo ni kosa langu, sikutupii wewe.

Jumanne asubuhi alitoka nikiwa bombani. Siku mbili nilimtafuta peke yangu, maana ningemwulizaje mtu habari za aliyeko Njombe? Jumatano jioni ndipo nilimwambia Mama Najat. Hakunikaripia. Haikupita saa moja mtaa mzima ulikuwa nje, msikitini wametangaza, jumuiya wamegawana njia. Jana alfajiri walimkuta upande wa Gongo la Mboto, ameshafariki. Polisi wanasema hakuna aliyemgusa. Ni yeye mwenyewe.

Mama Najat alininawisha uso, akaniketisha, kisha akanieleza jambo ambalo Adelard hakuwahi kunieleza. Kabla mie sijahamia huku, mumewe aliugua hivi hivi. Watu wa mtaa walikaa naye kwa zamu miezi saba. Wakampeleka kliniki, wakamtembeza, wakala naye hata alipokuwa hasemi. Leo yuko dukani kwake anauza. "Zamu ya Jumatano ilikuwa ya mwalimu," alisema. "Hakukosa hata moja."

Kwa hiyo alijua, wifi. Alikuwa nyuma ya pazia anawasikia watu hao hao, na mie nikiwafukuza kwa adabu.

Mwili tunaondoka nao kesho. Jana kwenye simu ulisema waombolezaji waambiwe ni presha. Sitaweza. Wakikuuliza pale kaburini, waambie alivyougua na tulivyomficha. Ukishindwa, nitasema mie, na watoto wake wakisikia.

Wifi yako,
Benedicta