Kurasa Zilizowasha Jiko

Baba Kashindye,

Ugali na dagaa nimefunika jikoni. Kashindye akinge maji kabla bomba halijakauka. Mimi navuka ziwa kwenda Sengerema kwa mdogo wangu Evelina. Riwaya yangu ameshaisoma, atanisimulia mwisho wake.

Maana leo asubuhi kurasa zake za mwisho umewashia jiko, ukasema ni upuuzi wa wanawake. Nilikuwa nimefika pale nesi amebaki peke yake na daktari anayempenda, na sijui kama daktari atamwoa au atamuua. Utamu wote uko hapo.

~~Nitalala huko.~~ Nitarudi jioni.

Ila nilipokuwa nafunga kanga ukanong'ona, "Daktari hana kosa." Umejuaje?

Riwaya nyingine iko chini ya mto wako. Ukiimaliza, usiichome.

Mama Kashindye