Uso wa Hakimu Hautaki Maji

Chumba cha nyuma, dukani kwa dobi,
Alhamisi, tarehe 12, mchana.

Mpendwa binti yangu,

Kwanza pokea salamu za baba yako, salamu nzito, zilizopigwa pasi pande zote mbili. Hujambo mama? Kifua kimeacha kukubana? Na ile baridi ya asubuhi unayoilalamikia kila ukipiga simu, bado inakutesa au umeshanunua sweta la maana? Mimi sijambo. Goti la kushoto linaniuma nikisimama sana kwenye meza ya pasi, lakini hilo ni la siku zote, tumeshazoeana. Hakimu naye hajambo. Hivi ninavyoandika amelala juu ya mguu wangu, anakoroma mpaka kalamu inatikisika.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mwanangu, unanijua. Kwenye simu mimi ni mtu wa salamu tu. Ukiuliza "Baba, vipi?" nasema salama. Ukiuliza tena, salama. Mara mtandao unakatika, nami nabaki nimeshika simu sikioni nikisikiliza kimya. Karatasi hainikatizi. Nguo za leo ziko kwenye kamba, nazo ni chache, na jua ni kali. Nikimaliza nitampa dereva wa basi la jioni barua hii, utaipata kesho.

Jambo lenyewe ni hili. Umeniambia rafiki yako wa kazini atapita hapa Jumamosi ya wiki ijayo na gari lake, amchukue Hakimu akuletee, kwa kuwa sasa umepata nyumba yenye uwanja na mwenye nyumba hana neno na mbwa. Nilikubali. Mbwa ni wako, uliniachia nikutunzie tu. Halafu ulipolia kwenye simu, ukasema ukitoka kazini unafungua mlango na hakuna hata wa kukubwekea, ningekujibu nini mimi? Wewe ndiye kifungua mimba wangu na ndiye kitinda mimba wangu. Basi kaa chini nikueleze habari za ngozi yake, maana huyu ukimkosea kidogo atajikuna mpaka atoke damu. Mimi nimejifunza kwa kukosea.

Unaukumbuka ule uso. Siku uliyomleta akiwa mdogo wa kubebwa mkononi, mama yako, Mungu amrehemu, alisema anafanana na hakimu aliyechoka kusikiliza uongo, na jina likaganda. Sasa ameongeza. Ana mikunjo juu ya pua, ana mikunjo chini ya macho, paji lote limekunjamana na mashavu yananing'inia. Mimi niliyekula maisha yangu yote kwa kunyoosha mikunjo ya watu, nimeishia kulala nyumba moja na mkunjo unaotafuna mifupa! Wateja wananicheka, eti dobi gani huyu ameshindwa kumpiga pasi mbwa wake.

Mvua zile zilipokolea ndipo alipoanza kujikuna. Kwanza alikuwa akijisugua uso ukutani, kwenye mguu wa meza, kwenye suruali yangu. Halafu likaanza tumbo. Halafu ikaja harufu, na pua yangu unaijua, imelelewa na sabuni. Nikafunua mkunjo wa juu ya pua, nikakuta pamekuwa pekundu, panatoa majimaji, manyoya yamenyonyoka. Lo! Niliumia kana kwamba ni ngozi yangu.

Sasa dobi akiona kitu kichafu anafanya nini? Anafua. Nikamkalisha kwenye beseni nikamsugua uso kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kola za mashati. Asubuhi namsugua, jioni namsugua. Alivyozidi kujikuna ndivyo nilivyozidi kumsugua. Na shuka lake la kulalia nikawa nalifua kila siku, na kwa kuwa baba yako hafanyi kazi nusunusu, nikalitia wanga na manukato, nikalipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Nilisema angalau mbwa wa mwanangu alale kama mgeni wa hoteli. Maskini! Alikuwa akipanda juu ya shuka lile, anazunguka, ananitazama, anashuka, anakwenda kujilaza sakafuni. Nikadhani ananuna.

Kinyozi, huyu jirani yangu wa mlango wa pili, ndiye aliyekuja kuninyang'anya sabuni. Akasema, "Mzee, utamchubua mtoto wa watu. Mpeleke kwa daktari." Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Tulikwenda kwa miguu, polepole, maana Hakimu akitembea sana anahema kama mtu aliyebeba gunia. Daktari mwenyewe ni binti wa rika lako. Alimshika uso, akafunua mkunjo mmoja mmoja, akanusa, akapitisha pamba, kisha akaniuliza huwa namwosha na nini. Nikamweleza yote, sabuni, beseni, shuka, tena kwa majivuno.

Akaweka pamba mezani. "Baba, umemtia mbwa wanga?"

Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mimi sikucheka. Alipotulia akaniambia kwa upole kwamba Hakimu hana uchafu, ana unyevu. Namwosha halafu nayaacha maji ndani ya mikunjo, na sabuni juu yake, na huko ndani hakuna hewa wala jua. Tumbo nalo limechomwa na ule wanga na manukato.

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kila aliyewahi kuja kujifunza kazi kwangu nimempigia kelele wimbo mmoja: usikunje nguo mbichi, itaota ukungu, itanuka! Kumbe mimi mwenyewe nakunja mbichi kila siku, tena uso wa kiumbe hai. Nilipomsimulia kinyozi alishindwa kunyoa. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mzee, na nguo umeifua mwenyewe!" Mteja wake ikabidi asubiri na kichwa nusu.

Basi shika haya. Sabuni ya kunukia usimguse nayo. Daktari alinipa dawa ya maji ya kupangusia, nimekuwekea chupa yake. Ikiisha, na kama ngozi ni nzima, maji ya uvuguvugu yanatosha, na kitambaa laini ulichokikamua mpaka kisidondoke. Unafunua mkunjo mmoja, unapangusa kwa upole, husugui. Halafu, na hapa ndipo kazi ilipo, unachukua kitambaa kikavu unakausha mpaka ndani kabisa, hasa pale pembeni mwa pua, maji hupenda kujificha pale. Ukimaliza huo ndipo unakwenda kwenye mwingine. Usifanye haraka, ukifanya haraka utamwachia unyevu na kesho utapakuta pekundu. Akinywa maji, mkaushe kidevu, kwa sababu Hakimu hanywi maji, anayaoga.

Tumbo likimwasha, loweka kitambaa kwenye maji ya baridi, kikamue, mlazie hapo mpaka atulie. Shuka lake suuza mpaka maji yatoke meupe, na wanga ni marufuku. Yale mafuta yako ya uso usimpake. Mimi nilitaka kumpaka yangu, daktari akanishika mkono. Mkague viroboto. Na ukiona wekundu umerudi au harufu imeanza, usijifanye mganga kama baba yako, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mwanzoni atageuza kichwa, ana kiburi. Mweke kidevu kwenye kiganja chako uongee naye. Useme lolote. Mimi humweleza habari za dukani, kwamba yule mwalimu ameleta tena suruali yenye wino mfukoni, kwamba bwana harusi fulani amenenepa na anataka eti koti lifuliwe mpaka limtoshe. Akisikia sauti anafumba macho, halafu anakuachia uzito wote wa kichwa mkononi. Ni kichwa kizito, mwanangu. Utajua mwenyewe kwamba hapo amekuamini.

Kazi hiyo ingeweza kuniishia upesi tu, lakini mimi naivuta. Nikimaliza mashavu narudia paji la uso, nikimaliza paji naanza upya puani, na yeye ananiacha. Tangu mama yako alipotutoka hakuna uso mwingine niliougusa kwa mikono hii. Kutwa nashika mashati ya watu, na wenye mashati siwashiki. Ile nyumba ya wageni imenunua mashine yake, kwa hiyo wale wasichana waliokuwa wakileta mashuka na kukaa hapa kwenye benchi kunitania hawaji tena. Siku nyingine mteja akija na doa namshika na maneno: doa la nini, limeingiaje, lilikuwaje, mpaka naona anaangalia mlango.

Jumapili iliyopita nilivaa shati jeupe. Unajua mama yako ndiye aliyekuwa akinirekebisha kola kabla sijatoka. Nikamwinamia Hakimu nikamuuliza, imekaa sawa? Akapiga chafya usoni mwangu. Nilicheka sana. Halafu nikasikia kicheko changu peke yake mle chumbani, nikakaa kitandani, sikutoka tena siku ile.

Sikuwa nimepanga kukuandikia hayo. Nilipanga barua iishe kwenye viroboto. Lakini jana nilianza kufungasha vitu vyake, vitambaa, bakuli, dawa, nikavifunga kwenye furushi nikaliweka karibu na mlango. Nikaliangalia. Nikalifungua, nikarudisha kila kitu mahali pake. Baadaye nikalifunga tena. Kinyozi alipochungulia akaniuliza kama nasafiri au natoroka.

Nikuambie ukweli, nilitaka kukudanganya. Nilitaka kuandika kwamba ngozi haijapona, safari itamchosha, hewa ya huko haitamfaa, mwachie baba kwanza. Nilikuwa nimeshayapanga maneno kichwani na yalikuwa matamu. Ila amepona, mama. Manyoya yamerudi juu ya pua, anakula, analala juu ya shuka laini bila kujikuna. Na huko atakuzoea upesi sana, mbwa hana kinyongo. Siku chache za kunitafuta, kisha atajua mlango wako na hatua zako. Hakimu hana shida yoyote. Mwenye shida ni mimi.

Upweke umenizidi, mwanangu. Nimeliandika, sitalifuta. Nawe umekonda kwa upweke huko huko, nilikusikia ukilia, ingawa ulisingizia mafua. Baba mzima na binti mzima tumekaa kila mtu nyuma ya mlango wake, tunagombea mbwa mmoja. Mara ngapi umeniambia, Baba njoo ukae nami hata kidogo? Nami hujibu, nani atafungua duka, nani atampangusa Hakimu? Duka siku hizi linafunguliwa kwa ajili ya mashati ambayo yangeweza kusubiri. Hakimu naye anakuja kwako. Nimetafuta kisingizio kingine tangu asubuhi, sijakipata.

Shangazi yako anakusalimu na anasema umemtupa, mpigie simu umpunguzie maneno. Mjomba wako fundi saa anakusalimu. Saa yako bado iko kwake, anasema itapona, nami nasema tusali tu. Kinyozi anakusalimu pia, na anaomba umletee mkasi mzuri ukija. Bibi wa nyumba ya pili amepata mjukuu wa kike, mtoto amezaliwa na makunyanzi, na kila mtu ananitazama mimi kana kwamba nitampiga pasi.

Mungu akutunze huko uliko. Akupe afya, akuepushe na watu wabaya, akupe usingizi wa raha, na chakula usile umesimama kama nilivyosikia unavyofanya.

Limebaki moja. Mwambie rafiki yako wiki ijayo asijaze mizigo kwenye kiti cha mbele. Hakimu atalala nyuma. Mbele nitakaa mimi.

Ni mimi nikupendaye kuliko nijuavyo kusema,

Baba